Jibu: Mbegu za vitunguu mwitu ambazo hazijaota

Salaam ndugu. Umesema ulipanda mbegu za vitunguu mwitu, vile ambavyo watu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, huviita ramps, mwezi Septemba, na hadi sasa hujaona hata jani moja. Tafadhali usizifukue. Mbegu hizi hutaka kwanza joto na unyevu ili mzizi utoke, kisha majira ya baridi ndipo chipukizi lichomoze, hivyo joto likiwahi kuisha baada ya kupanda, huota mwaka wa pili. Kagua kwanza udongo: funua majani makavu, ufinyange kidogo kiganjani, na ukishikamana bila kutiririsha maji, yarudishe majani na usubiri.

Kuhusu kuvuna, zamani nilikuwa ninang'oa mmea mzima, hadi kichaka kizima kando ya kijito kikatoweka, na bado kinaniuma. Sasa ninakata jani moja tu kwa kila mmea, tunguu likibaki ardhini, kwa kuwa mche wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 7 kukomaa. Kabla ya kukata, fikicha jani unuse. Lisiponukia kitunguu, liache, kwani msituni humo kuna mimea yenye sumu inayofanana nalo sana. Mikono ikishanukia, harufu hiyo hudanganya, kwa hiyo tazama kila shina kwa macho.