Bawa ulilolipiga ribiti mwenyewe, na waya usiouona

Nilichukua miaka minne kuunda ndege yangu ya viti viwili kutoka kwenye seti ya vipande, na karibu kila ribiti (pini ya kuunganishia bati) ilipita mikononi mwangu. Kazi ya namna hiyo humfanya mtu aiamini ndege yake kupita kiasi. Asubuhi moja, katika mwaka wa kwanza wa kuirusha, imani hiyo ilinishusha hadi futi 150 juu ya mto. Niliona nguzo ya umeme ukingo wa kushoto, kisha nyingine ng'ambo. Waya wenyewe sikuuona kabisa. Nilivuta usukani kwa kujua tu kwamba nguzo mbili hazisimami bure.

Kwa hiyo nakusihi: usitafute waya kwa macho, tafuta nguzo. Ukilazimika kuvuka, pita juu ya nguzo yenyewe, maana hiyo unaiona. Kwenye njia kubwa za umeme, juu ya nyaya nene mara nyingi hupita waya mwembamba wa kukinga radi. Rubani huziona zile nene, hujiinua kuzikwepa, akaukumba ule mwembamba.

Wengi hawaoni kwamba kuruka chini ni suala la uimara wa ndege pia. Ndege ndogo za kundi la kawaida husanifiwa kuhimili mara 3.8 ya uzito wake, na juu ya hapo kuna akiba ya mara 1.5 kabla ya kuvunjika. Usiihesabu akiba hiyo kuwa yako ya kuchezea, hasa ukiwa ndiye fundi. Mkaguzi aliyekuja kuliangalia bawa langu aliweka rula kwenye safu moja ya ribiti na kunyamaza. Tundu moja lilikuwa karibu mno na ukingo wa bati. Kwa kawaida, kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni panatakiwa pawe angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nisilione.

Sasa lichukue bawa hilo ulipeleke chini mchana, ardhi imeshika joto na upepo unavunjikia kwenye vilima. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo kila dhoruba ndogo inavyolipiga bawa kwa nguvu zaidi. Kuna kasi ambayo ukiivuka, kuvuta usukani ghafla kunaweza kuliumiza bawa, na kasi hiyo hushuka ndege inapokuwa nyepesi. Ukiwa peke yako na tangi nusu, punguza mwendo zaidi, hata kama ndege inaonekana kukutii vizuri.

Kona nazo zina hesabu yake. Ukilaza ndege nyuzi 60 huku ukishikilia kimo kilekile, bawa linabeba uzito mara mbili, na kasi ambayo chini yake linaacha kukubeba inapanda kwa asilimia 41. Ukiwa futi 200 hakuna nafasi ya kurekebisha.

Mwaka 2009 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, iliitaka FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, isimamishe ndege ndogo za Zodiac CH 601 XL, baada ya kadhaa kukatika zikiwa angani. Shaka kubwa ilikuwa mpapatiko, yaani mtikisiko wa kasi unaojizidisha, wa eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege), na mvutano wa kebo zake ulitajwa. Niliposoma habari hiyo nilinunua kipimo cha mvutano wa kebo, na kila bolti ya usukani nimeipiga mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Mstari ukikatika, nati imesogea, na siku hiyo siruki.

Ukitoa kupaa na kutua, sishuki chini ya futi 500. Injini ikizimika hapo nina sekunde kama 40 za kuchagua uwanja, na ni chache kuliko unavyodhani ukiwa umekaa kitini nyumbani.