Kujifunza historia kupitia wasifu: uanzie wapi

Ndugu, umeuliza uanze vipi kujiwekea lengo la kusoma wasifu ili uijue historia. Usijitwishe orodha ndefu. Chagua mahali pamoja, tuseme Zanzibar, kisha usome Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, ambamo utamkuta binti huyo wa kijiji cha Fumba akichuuza vyungu kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu. Halafu mgeukie Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili; msome kwa tahadhari, kwani mfanyabiashara wa pembe na watumwa ni nadra kujishtaki. Kila ukutanapo na sultani au mji usioujua, uandike jina na mwaka daftarini, kwa kuwa humo ndimo utakamopata kitabu kinachofuata.