Vinasaba visivyo vya nasaba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Tukuyu. Dada yangu amejifungua mtoto wa kike mwenye michirizi ya kahawia mgongoni na ubavuni. Daktari wa ngozi wa Mbeya mjini kamwambia: "Ni tatizo la kinasaba, kazaliwa nalo, ila hajalirithi." Mama mkwe wake kalidaka hapohapo: kinasaba gani hicho kisichotoka kwenye ukoo? Nami nikakosa la kujibu. Daktari kakosea Kiswahili? Na ile karatasi yake imeandikwa "mosaiki". Sisi tunaiitaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Daktari yuko sawa kwenye tiba. Kwenye lugha, mama mkwe kamshinda.

Bibi huyo ana sikio zuri. Ndani ya "kinasaba" amesikia nasaba, na nasaba kwa Kiswahili ni ukoo, mfululizo wa baba na babu. Tena daktari kasema "la kinasaba", ambapo ki- hiyo ni ile ya kisheria na kisiasa: tatizo la namna ya nasaba, yaani la kiukoo. Angalau "la vinasaba" lingetaja kitu chenyewe kilichomo ndani ya seli. Lakini hata hilo lina mzigo wake. Nchini kwetu watu wengi wamezoea kusikia "kupima vinasaba" pale mtu anapokataa mtoto na kesi ikafika kwa Mkemia Mkuu. Ukimwambia mzazi mwanao ana tatizo la vinasaba, nyumba nzima inaanza kutazamana: ni la upande wa nani? Kwa hali kama ya mtoto huyu, mimi ningesema jeni, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya seli yanayouongoza mwili ukue vipi. Ni neno la kukopa, halina shangazi wala mjomba.

Sasa kurithi na kuzaliwa na. Kurithi kunataka watu wawili, anayeacha na anayepokea, na kitu kiwepo kabla ya mpokeaji. Kuzaliwa na kunataja wakati tu: mtoto alipotoka, kitu kilikuwapo. Wewe muuguzi unalijua hili kuliko mimi. Mtoto anaweza kuzaliwa na kaswende, na kaswende hairithiwi, ni vijidudu vilivyomfikia tumboni. Kinyume chake ni selimundu: mtoto kairithi kwa wazazi wote wawili, lakini miezi ya kwanza kwa kawaida haonyeshi dalili. Ualbino nao ni wa kurithi hata pale ambapo hakuna anayekumbuka mtu mwenye ualbino katika ukoo, maana wazazi wanaweza kuubeba bila kuonekana. Kwa hiyo "kazaliwa nalo ila hakulirithi" ni Kiswahili safi. (Hakulirithi, si hajalirithi. Hiyo -ja- inamwachia bibi shaka kwamba bado kidogo atalirithi.)

Kilichomtokea mtoto ni hiki. Mimba huanza na seli moja, inagawanyika mbili, nne, nane. Katikati ya kugawanyika, seli moja ikapata badiliko katika jeni. Zote zilizotoka kwake zikawa nalo. Zilizotoka kwa seli nyingine hazina. Mwili ukakua na seli za aina mbili kutoka mimba ileile, na hali hiyo ndiyo karatasi ya daktari inaiita mosaiki. Seli za ngozi hutembea zikipanuka kutoka katikati ya mgongo kwenda mbele, na njia zake zinaonekana pale tu seli za aina mbili zinapokaa sambamba: umbo la V mgongoni, mawimbi ubavuni. Daktari Mjerumani Alfred Blaschko aliichora michirizi hiyo mwaka 1901, ikabaki na jina lake. Haifuati mishipa ya damu wala ya fahamu, wala si alama ya mama kuchapwa au kutishwa akiwa mjamzito. Mwaka 2013 ikabainika kwamba hata lile baka jekundu la usoni la kuzaliwa nalo kwa kawaida hutokana na badiliko la namna hiyo, katika jeni iitwayo GNAQ. Ndiyo maana kipimo cha damu kinaweza kutoka safi huku kipande cha ngozi kikionyesha badiliko.

Kuhusu mosaiki, lilikuwa jina la nakshi ya vipande vya mawe ya rangi. Nimejaribu kulitafutia la kwetu nikashindwa kwa furaha. "Viraka" linavutia, ila kiraka huja baada ya nguo kuchanika, na ngozi hii haikuchanika. "Chotara" ndilo baya zaidi. Wakulima wa mahindi huko kwenu wanaijua mbegu chotara: kila seli yake ina asili mbili. Huyu mtoto ana asili moja, na badiliko liko sehemu tu. "Mbalanga" pia hapana, kwani mtu kwa kawaida hazaliwi nayo. Basi tuseme mosaiki, na hali yenyewe umosaiki, kama ualbino.

Ukitaka mfano, chukua hindi lakini uwe mwangalifu. Gunzi lenye punje nyeupe, njano na zambarau si mosaiki. Kila punje ni mtoto wake mwenyewe, hao ni ndugu waliopangwa mstari. Tafuta punje moja yenye michirizi. Hiyo ilibadilika ikiwa inakua. Mwanasayansi Mmarekani Barbara McClintock alizichunguza punje kama hizo, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Neno la mwisho ni kurithisha, na hapo mpeleke dada yako arudi kwa daktari aulize. Asiyerithi anaweza kurithisha. Badiliko likiwa limefika hadi kwenye mayai au mbegu za uzazi, mtoto wa mtu huyo anaweza kulipokea mwili mzima. Kwa aina moja ya michirizi ya ngozi nene hilo lilithibitishwa mwaka 1994.

Kwa bibi, sema hivi: "Mama, jeni moja ya mtoto ilibadilika akiwa tumboni. Haikutoka kwenu, haikutoka kwetu." Akiuliza tena "basi ilitoka wapi?", jibu ni kwamba haikutoka, ilitokea.