Fremu nyepesi au fremu ngumu?

Kaka, umeuliza kama kwenye baiskeli yako ukitoa fremu (kiunzi chake) ya chuma ya kilo 3 ukaweka ya alumini ya kilo 2 utakimbia zaidi. Kidogo sana aisee. Piga hesabu, wewe kilo 75 na baiskeli 12 jumla 87, ukipunguza kilo 1 ni kama asilimia 1 tu, yani mlima wa dakika 10 utaokoa sekunde kama 7 hivi, na huku Dar milima yenyewe mpaka uende Pugu au Kisarawe. Tambarare kama Kigamboni adui ni upepo, hapo kuinama kunakusaidia kuliko fremu yoyote.

Ugumu sasa. Ukikanyaga pedali kwa nguvu fremu inapinda kidogo kweli, ila inarudi kama springi na nguvu nyingi inarudi nayo, haipotei kama watu wanavyodhani. Fremu ngumu utaisikia ukisimama kwenye pedali kuchomoka, inaitika haraka, na hiyo raha naikubali kabisa. Ila kwenye barabara ya mashimo mgongo utalia, bora hiyo hela uweke tairi nzuri pana kidogo, usizijaze upepo mpaka ziwe jiwe.