Pia ya goti hairudishwi kwa mafuta ya nazi

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina kijibwa jike aina ya Maltese, ana miezi 14 na uzito wa kilo tatu na nusu. Akikimbia huinua mguu wa nyuma wa kulia, anarukaruka hatua tatu nne, kisha anautupa nyuma na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Fundi wa viungo hapa Mbezi amemkanda mara mbili kwa mafuta ya nazi, akasema umeteguka na ameshaurudisha, lakini hali ni ile ile. Nampa pia kalsiamu ya maji. Nilitaka apandwe akiingia joto safari hii. Dume limeshapatikana na watoto wawili wameshalipiwa nusu. Je, atapona kabla ya hapo, au afanyiwe upasuaji akishazaa?

JIBU: Marahaba. Huyo fundi hakukudanganya kwamba alirudisha kitu, kwa kweli alirudisha. Ila hata asingekuja, kingerudi tu. Ule mguu anaoutupa nyuma ndio dawa aliyojigundulia mbwa wako: analinyoosha goti, pia ya goti (kile kifupa cha mbele) inateleza na kukaa mahali pake, maumivu yanakatika, safari inaendelea. Anafanya hivyo mara kumi kwa siku bila kudai nauli.

Neno linalonichosha katika barua kama yako, na napata nyingi, ni hilo "umeteguka". Kuteguka ni kwa kiungo kizima kilichopigwa au kuangukiwa. Ukikirudisha na kukipumzisha, kinapona. Hapa hakuna kilichopigwa. Pia ya goti hupanda na kushuka ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Kwa vijibwa wengi, mifupa ya mguu imepinda kidogo tangu wakiwa wachanga, na pale kano ya goti inaposhikana na muundi pamesogea upande wa ndani. Msuli wa paja unavuta mshazari, na pia ya goti inafuata. Na kwa kuwa mfereji huchimbika kwa mgandamizo wa pia mtoto anapokua, pia isiyotulia inaacha kisahani mahali palipotakiwa bakuli. Sasa niambie, mafuta ya nazi yatachimba mfupa? Kalsiamu itachimba? Na hata kama aliruka kutoka kwenye sofa juzi, sofa haikuanzisha ugonjwa, ilikuonyesha tu.

Kukanda kwenyewe kungekuwa hasara ya pesa tu kama mambo yangeishia hapo. Niliwahi kuletewa kijibwa aliyefungwa gango la vipande vya boksi na kitambaa cha kanga, siku tisa. Nilipofungua, wayo ulikuwa umevimba kama andazi na kati ya vidole kumeoza. Goti, lililokuwa sababu ya yote hayo, lilikuwa limekaza kwa kukaa bila kukunjwa. Wengine huongezea diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu, "robo tu, Daktari". Robo hiyo kwa mnyama wa kilo tatu inatosha kutoboa tumbo na kuua figo. Ukiona mbwa anatapika damu au kinyesi chake ni cheusi kama lami, usinipigie simu kuuliza, njoo.

Kuhusu wako: kwa maelezo yako inaelekea ni daraja la pili kati ya manne, yaani pia hutoka na kurudi yenyewe. Daraja la kwanza hutoka ukiisukuma tu na mara nyingi hatuligusi. La tatu imekaa nje, ukiirudisha inatoka tena. La nne hairudi kabisa. Lakini hilo huamuliwa kwa vidole, si kwa barua. Mbwa analazwa ubavu, mguu unanyooshwa, dole gumba linaisukuma pia kuelekea ndani, na unaisikia ikivuka ukingo. Mwambie daktari ashike magoti yote mawili, kwani mara nyingi la pili nalo ni bovu. Eksirei itasaidia kuona mifupa ilivyopinda kama mtafika kwenye upasuaji. Huko, chini ya nusu kaputi, mfereji huongezwa kina na kipande cha muundi chenye kano huhamishwa kikafungwa kwa pini. Akichechemea mara moja kwa wiki tunaweza kumwangalia, awe mwembamba na asikimbie kwenye vigae vinavyoteleza. Akichechemea kila siku, gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) inasagika na kano za ndani ya goti zinaweza kukatika, na hapo gharama ni nyingine.

(Angekuwa anachechemea mfululizo, msuli wa paja umesinyaa, na hajafikisha mwaka, ningeshuku nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu kikafa. Nao ni ugonjwa wa vijibwa, na mkandaji ndiye mtu wa mwisho wa kumwita.)

Suala la kuzaa sina namna ya kulilainisha. Usimpandishe, si kabla ya upasuaji wala baada yake. Upasuaji hunyoosha goti, haugusi mbegu. Kasoro hii hubebwa na vinasaba vingi kwa pamoja, kwa hiyo dume mzima "hamsafishi" jike, na watoto wanaotembea vizuri leo wanaweza kuipeleka kwa wajukuu. Ndivyo ilivyosambaa kwa Pomeranian, Chihuahua, Yorkshire Terrier na hata Japanese Spitz, ambao Nairobi na Dar sasa kila mtu anawauza kwa picha za WhatsApp. Muuzaji atakuambia vipimo ni ghali. Si kweli. Marekani, shirika la Orthopedic Foundation for Animals huandikisha magoti ya mbwa kuanzia miezi 12, na kipimo chenyewe ni kile kile cha vidole, bila mashine yoyote. Dakika mbili, daktari yeyote wa mifugo aliyezoea anaweza. Asiyefanya ameamua kutofanya. Kwa hiyo anayenunua asiridhike na picha ya mtoto akiwa ndani ya kikapu: aombe kumwona mama akikimbia uani, kwenda na kurudi, na atazame miguu ya nyuma.

Na wale wawili waliolipa nusu, warudishie pesa zao wiki hii, kabla hawajanunua vikapu.