Muulize Bibi Shamba: Waratah yangu inaungua majani

Shikamoo Bibi Shamba. Naishi Sydney, mwaka wa nne sasa. Nimepanda waratah, kichaka cha huku Australia chenye maua mekundu, uani, nikaiwekea samadi ya kuku ndoo nzima, kama tunavyofanya nyumbani kwenye migomba. Majani yamegeuka manjano na kingo zinaungua. Jirani anasema mmea huu hupenda moto, niuchome uchipue upya. Nifanyeje?
Msomaji, Sydney

Marahaba mwanangu. Usichome kitu. Na hiyo samadi kaiondoe leo hii.

Mwaka juzi nilikwenda kumwona binti yangu hukohuko Sydney, akanipeleka kwenye milima ya Blue Mountains mwezi Septemba. Kwenye mteremko wa mawe ya mchanga, chini ya mikalitusi, niliona wekundu wa waratah kabla sijauona mti. Mtaalamu wa mimea Robert Brown aliuita Telopea mwaka 1810, maana yake kinachoonekana kwa mbali, na ndivyo ulivyo. Kichaka kilinizidi kimo, fito zimesimama wima, kila ncha imebeba kichwa kikubwa kama ngumi mbili. Nikakisogelea: si ua moja, ni vimaua zaidi ya mia vilivyosongamana, vimezungukwa na vijani vyekundu, na ndege wanagombania mbochi. Haishangazi kwamba New South Wales walilifanya ua rasmi la jimbo mwaka 1962.

Halafu nikachota udongo. Mchanga mtupu! Mimi niliyewafundisha wakulima wa Lushoto kurutubisha mashamba miaka 26, pale nisingepanda hata muhogo.

Udongo ule una fosforasi, kirutubisho cha mimea, kidogo mno. Kwa hiyo mizizi ya waratah huota vishada vya vijizizi vyembamba kama brashi, vinavyokwangua kila chembe iliyopo. Mmea wa namna hiyo haujui kusema basi. Samadi ya kuku imejaa fosforasi. Unaifyonza mpaka inaudhuru. Huko kuungua unakokuona ni kuvimbiwa, si njaa. (Mgrivea wetu unaotia kivuli kahawa ni wa ukoo huohuo, nao umetoka mashariki ya Australia.)

Jirani ana ukweli wake. Penye tako la shina, udongoni, kuna nundu ya mti yenye akiba na macho ya kuchipulia. Moto wa msitu ukila fito, nundu huchipua, na maua hurudi baada ya miaka miwili hivi. Lakini nundu ya mche wako bado ni changa. Ukikomaa, utaupogoa kwa mkasi maua yakishaisha.

Sasa kwangua samadi na udongo wa juu kwa mkono. Jembe litakata vile vishada, maana viko juujuu. Tandaza majani makavu, umwagilie maji matupu. Ukifa, mwingine usiupande palepale, kwa kuwa fosforasi haitoki upesi ardhini. Inua tuta la mchanga upande wa pili wa uani, maji yapite bila kutuama, na mbolea ya kuku wapelekee wenye mboga.