Kasha la kale mnadani: reale ya 1780 haithibitishi umri

Mkuu, umeuliza kama ulipe milioni mbili kwa kasha la Kizanzibari litakalopigwa mnada Upanga Jumamosi, kwa kuwa dalali amekuonyesha reale ya 1780, ile sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyokutwa ndani yake. Kwa ajili ya reale hiyo, usiongeze hata shilingi moja.

Mimi niliingia mkenge huohuo mwaka 2014. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki 1780, lakini baada ya hapo reale zake ziliendelea kugongwa zikiandikwa mwaka uleule wa 1780, maana wafanyabiashara wa Uarabuni na pwani yetu walishaizoea sura ile. Vienna wanazitoa mpaka leo. Iliyo halali ina gramu 28 na ushee, fedha sehemu 833 kwa 1,000. Sonara atakupimia. Kuhusu umri wa kasha, haisemi lolote.

Kasha langu lilikuja kuumbuliwa na fundi wa Keko niliyemwita anisaidie kulibeba. Alilipindua kwanza. Ubao wa chini, ambao kwa kawaida hauguswi na mkono wa mtu, ulikuwa umepakwa rangi ya viatu! Akapitisha kidole chini ya ukingo wa mbele wa mfuniko, pale mkono unaposhika kila siku wakati wa kufungua: kona ilikuwa kali kama imerandwa jana. Kasha lililotumika miaka mia huwa limelika hapo, na droo zake huacha mifereji zinapoburuzwa.

Skrubu za nyota zilianza kuenea miaka ya 1930, ila usilikatae kasha kwa skrubu tu. Tazama pembeni ya bawaba. Ukiona matundu ya misumari ya zamani na alama ya bawaba iliyotangulia, hilo limekarabatiwa, na bei ishuke. Nenda na sumaku pia: shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinanasa.

Lililobaki na bawaba, komeo na droo zake za asili ndilo la kupandia bei. Likiwa jipya lakini kazi nzuri, lipa bei ya samani, fundi anastahili. Na kama una mpango wa kulipeleka nje, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo shughulikia kibali mapema.

Ijumaa omba ulipindue. Piga picha ya chini na ya bawaba kwa karibu, uziweke hapa nizitazame kabla hujanyoosha mkono.